Mgao wa Shangazi

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na Fundi alikuwa amebakiza kiti kimoja tu afunge duka. Kilikuwa kiti cha dereva, cha vile vigari vidogo vya Kijapani vya zamani, vya milango miwili na pembe kama za kiberiti. Kifuniko chake cheusi kilikuwa kimechanika ubavuni, upande wa mlango, na mteja alitaka kishonwe kabla ya giza.

Mteja alikuwa mwanamke, msusi wa nywele, ameketi nje ndani ya kigari chake cha njano. Alikuwa ameeleza kwamba kiti si chake. Ni cha mwenyekiti wa chama chao cha wapenda magari ya zamani, na yeye kaagizwa tu akipeleke kwa fundi yeyote. Kimeshashonwa mara nyingi, alisema, lakini kila jioni kinachanika pale pale. Fundi alimjibu kwamba kiti cha gari hakishonwi kwa uzi wa sare za shule. Msusi akacheka, akaongeza kwamba siku hizi chama chao kina mwenyekiti asiye na kiti.

Fundi alichukua wembe akafumua kifuniko. Chini yake kulikuwa na kifuniko kingine. Cha kahawia, kimefifia kwa kukaliwa, nacho kimechanika pale pale ubavuni. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mistari miwili miwili, na kwenye kona kuna kifundo kidogo ambacho mtu mwingine asingekiona.

Fundi alikiona. Alikifunga yeye.

Kilikuwa kiti cha mdogo wake.

Huyo mdogo wake watu walimwita Kobe, na jina alilipata kwa haki. Baiskeli za mizigo zilimpita barabarani, tena waendeshaji wakimpungia mkono. Kigari chake alikiita Shangazi, kwa sababu kila asubuhi hakikosi la kulalamika: leo kabureta, kesho klachi, keshokutwa mlango haufungi. Alikishusha chini kidogo, akakipaka rangi mwenyewe, akahangaika nchi nzima kutafuta saa ya dashibodi iliyokuwa imetoka nacho kiwandani. Akipita kwenye shimo dogo tu, anaomba radhi. Sio kwa abiria. Kwa Shangazi.

Kisha Kobe akafa. Aliubamiza ukuta kwenye kona, chini ya mteremko wa kwenda kwao. Msibani alisimama Mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti laini, akawaambia watu kwa masikitiko kwamba marehemu alikuwa na tabia ya kukimbiza gari, na kwamba walimwonya hawakusikilizwa. Hakuna aliyebisha. Mama yao alikuwa na uchungu wa kutafuta wa kumlaumu, akamlaumu aliyelala jenezani, akasema kweli alikuwa anakimbiza. Tangu siku hiyo hakumtaja tena kwa jina. Akimsema, anasema "yule". Hata Fundi, kila mgeni alipomuuliza imekuwaje, alijibu kwa kuchoka kwamba alikuwa anakimbiza, basi. Na Shangazi, waliambiwa, lilishapelekwa kwenye vyuma chakavu likayeyushwa.

Kumbe kiti kipo. Kimefichwa chini ya kitambaa cheusi kama kitu cha wizi.

Hasira ilimpanda Fundi. Walimdanganya. Walimdanganya mama yake, tena mbele ya maiti. Alikitupa chini kile kifuniko cheusi, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano nene ya mkono, akaanza kuuziba ule mchaniko juu ya kahawia, mshono wake mpya juu ya mshono wake wa zamani. Alivuta uzi kwa nguvu mpaka ukamkata kidole. Hakuacha. Na kwa kila tundu alilotoboa, maneno yalimtoka chini kwa chini, ya mtu aliyejaa na hana wa kumpiga.

"Kila aliyesema ulikuwa unakimbiza, naye asipate pa kusimama. Kila aliyesema. Asipate pa kusimama."

Akafunga kifundo. Akakata uzi kwa meno.

Ndipo aliposikia harufu. Mafuta ya breki... ile harufu kali, inayokwama kooni. Duka la vitambaa halina mafuta ya breki.

Sponji ya kiti ikazama.

Ikazama taratibu, katikati, kisha kidogo upande wa kulia, kama anavyojiweka mtu anayetafuta kukaa vizuri. Ikatulia hapo.

Fundi alisimama ameshika wembe. Cha ajabu, woga haukupata nafasi. Hasira ilikuwa imekaa kote.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Akakibeba kiti, akaona ni kizito kuliko alivyokipokea, akatoka nacho nje. Msusi alishuka kumsaidia, akamwona usoni, na kile kicheko kikamwishia.

"Nipeleke kwa huyo mwenyekiti wenu," Fundi alisema. "Sasa hivi."

Njiani Msusi alieleza yote, kwa sababu aliulizwa na hakuwa na cha kuficha. Yeye alijiunga na chama juzi juzi, hakumjua Kobe wala hakujua kwamba Fundi ni dada yake Kobe. Lakini mgao aliusikia. Ni desturi ya chama chao. Mwenzao akifa, gari lake haliuzwi. Linagawanywa. Kila mwanachama anachukua kipande kimoja, kimoja tu, mbele ya wote, anakifunga kwenye gari lake ili marehemu aendelee kuwa barabarani pamoja nao. Wanaona ni heshima kubwa. Wengine huwa wanalia.

Fundi aliuliza kama katika heshima hiyo ndugu wa marehemu huwa wanaulizwa. Msusi alikaza macho barabarani. Baadaye alisema, kwa sauti ya chini, kwamba tangu mgao wa Shangazi mambo hayaendi sawa. Jua likizama, vile vipande vinaamka. Honi inalia yenyewe. Saa ya dashibodi inarudi nyuma. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Sasa hakuna anayecheka, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kung'oa kipande chake.

Walikuta chama kimekusanyika kwenye uwanja wa nyuma ya sehemu ya kuoshea magari. Ungelipita pale ungelidhani ni harusi ya vigari. Vyekundu, vya bluu, vya rangi ya maziwa, vyote vidogo, vyote vya zamani, boneti wazi, rimu zinang'aa. Mmoja anasugua bampa kwa dawa ya meno, mwingine amelala chini anasifia springi za mwenzake. Watu wazima na akili zao, wanaongea na injini kama wanaongea na watoto wachanga. Kobe alipapenda mahali hapa kuliko nyumbani. Hilo nalo lilimkera Fundi.

Gari la Mwenyekiti lilikuwa katikati, jeupe, halina hata tone la vumbi, na kwenye dashibodi kumewekwa kikombe cha ushindi wa maonyesho. Mwenyewe alikuwa ameegemea mlango. Alipomwona Fundi anashuka na kiti mikononi, tabasamu lilimjia nusu, likakwama.

"Karibu, dada. Pole sana na—"

"Usinipe pole."

Uwanja mzima ukageuka kutazama. Fundi alikiweka kiti chini, akasimama kando yake, akawaambia anachotaka. Alitaka vitu vya mdogo wake. Vyote. Kila mtu afungue alichochukua akiweke pale, kwenye turubai lililotandikwa mbele yake, sasa hivi, na asiye na spana aazime. Wamemgawana mtu kama sungura aliyegongwa barabarani, wakamwachia mama yake uongo wa kuzika. Kama hiyo ndiyo heshima, alisema, basi wampe yeye matusi.

Mwenyekiti alianza kueleza habari za desturi, kwa ile sauti yake laini. Lakini Spana alikuwa ameshainama. Huyo Spana ndiye makanika wao, mtu wa maneno machache, na Kobe alikuwa rafiki yake. Alifungua taa ya kushoto ya gari lake, akaiweka kwenye turubai bila kumtazama Fundi usoni.

"Nilitaka kuileta siku nyingi, dada," alisema. "Nilikuwa naona haya."

Wengine wakafuata. Mwalimu wa shule ya msingi akaleta ile saa. Mzee mmoja mwenye duka la dawa akaleta honi. Vioo, kirungu cha gia, usukani, vishikio vya milango. Shangazi likawa linarudi kidogo kidogo, limelala kwenye turubai vipande vipande, na kiti kikiwa katikati. Fundi alivitazama, machozi yakamtoka ya hasira tupu.

Jua likazama.

Honi ililia.

Fupi. Mara mbili. Haina waya, haina betri, iko chini kwenye turubai. Mwalimu alirudi nyuma akakanyaga mguu wa mtu. Ile taa ikawaka, hafifu, ya njano, kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Kisha ikazima. Saa nayo ikagonga, tik... tik... ikanyamaza.

Mzee wa duka la dawa alishusha pumzi, akasema labda imekwisha, labda alikuwa anataka tu kurudishwa pamoja. Watu wakaanza kuitikia.

Harufu ikaja. Ile ile. Mafuta ya breki.

"Tazameni," alinong'ona Msusi.

Gari jeupe la Mwenyekiti lilikuwa limefungwa. Hakuna mtu ndani. Taa zake nyekundu za nyuma, zile zinazowaka dereva akikanyaga breki, ziliwaka.

Zikazima.

Zikawaka.

Zikazima. Zikawaka. Kwa haraka zaidi. Na kutoka ndani, chini ya usukani, ukasikika mlio mdogo wa pedali... ta... ta... ta-ta-ta... Kila aliyekuwepo pale ni dereva. Kila mmoja aliuelewa mlio ule. Ni mtu anayekanyaga breki, na breki haishiki.

"Mwenyekiti," Spana alisema polepole. "Wewe ulichukua kiti. Kipande kimoja."

"Nilichukua kiti."

"Fungua boneti."

Hakufungua. Alisimama mbele ya gari lake, mikono imetanuka kidogo. Fundi alimsukuma kwa bega akampita, akafungua mwenyewe. Magari hayo alishayashonea viti tangu ujana wake, boneti zake hazimshindi. Hakuhitaji kutafuta. Pale nyuma, palipofungwa masta silinda, kile chuma kinachosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, kulikuwa na kichupa cha mafuta, na shingoni mwa kichupa kumezungushwa uzi mwekundu. Siku moja, kabla ya ajali, Kobe alikuja dukani akilalamika kwamba mfuniko unalegea. Fundi alimkatia uzi mwenyewe kwenye cherehani, akamtania kwamba sasa Shangazi limevaa ushanga.

Spana aliinama na tochi ya simu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii niliifunga mimi kwenye Shangazi," alisema. "Ilikuwa mpya. Na siku ya mgao haikuwepo kwenye mgao. Kwenye gari la Kobe tulikuta nyingine, mbovu, inavuja. Nikajilaumu. Nikasema labda niliota."

Nyuma yao pedali iliendelea. Ta-ta-ta. Mwenyekiti akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe.

Yalimtoka taratibu. Shangazi lilikuwa kwake wiki ya ajali, Kobe alimwachia amsaidie kunyoosha bodi. Maonyesho yalikuwa kesho yake, na pale kila gari linaendeshwa mbele ya waamuzi, linatakiwa lisimame juu ya mstari. Masta silinda yake ilikuwa inavuja. Akaifungua ya Kobe, akaweka yake mbovu mahali pake. Alikuwa anaazima tu, alisema. Angeirudisha maonyesho yakiisha. Lakini asubuhi ile ya maonyesho Kobe alikuja kulichukua gari mapema, mama yake alikuwa anaumwa, anataka kumpeleka hospitali.

"Ukamwona," Fundi alisema.

"Nilimwona."

"Akawasha gari."

"Watu wa chama walikuwa wameshaanza kufika kwangu, dada. Ningesema nini mbele yao?"

"Anatoka getini, na wewe umesimama hapo. Ulifanya nini?"

Mwenyekiti alijifuta uso.

"Nilimpungia mkono."

Fundi alikuwa na wembe mfukoni, na kwa kitambo alijua kabisa uko mfuko gani. Halafu akamgeukia Spana, akamwomba afunge kile kiti kwenye gari jeupe. Spana akakifunga. Fundi akamwambia Mwenyekiti apande, ampeleke kwa mama, akayarudie maneno yale yale.

Mwenyekiti alikiangalia kiti. Kilikuwa kimezama katikati.

"Nitakuja kwa miguu, dada. Nakuomba. Sitaki kukaa hapo."

"Panda."

Alipanda. Aliketi ukingoni kabisa, kama anayempisha mtu. Taa za breki ziliacha kupepesa. Waliushuka ule mteremko kwa mwendo wa kobe, na Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma, aliona kwa macho yake: mbele ya kila kona pedali ilishuka kabla mguu wa Mwenyekiti haujaifikia. Mwenyekiti alikuwa analia bila sauti. Alifungua mdomo mara moja tu, akasema mtu amemkalia mapajani.

Mama alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha. Alisikia mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Alikuwa anaendeshaje?"

"Polepole, mama. Siku zote polepole."

"Mwanangu," Mama alisema. Akashika kizingiti. "Mwanangu jamani. Mwanangu." Neno lililokuwa limemkwama miezi yote hiyo lilimtoka, na halikukoma kutoka. Fundi alimkumbatia, na walipoinua macho Mwenyekiti alikuwa ameacha funguo chini mlangoni na kuondoka kwa miguu.

Hakufika mbali. Majirani wa chini ya mteremko walimwona anapita anakimbia, jitu zima, na hakuna anayemfukuza. Alikuwa anapiga kelele wamshike. Mguu wake wa kulia, walisema, ulikuwa unakanyaga hewa, unakanyaga, unakanyaga, na kila akikanyaga anazidi kasi. Waliposikia kishindo walijua ni kona ile. Ukuta ule ule.

Hakufa. Yuko hospitali, amefungwa kwenye kitanda kwa mikanda, kwa sababu mguu ule haujatulia mpaka leo. Usiku na mchana unasukuma mwisho wa kitanda. Madaktari wanasema ni mishipa. Fundi alipoletewa habari alikuwa anashona, na hakusimamisha cherehani. Moyoni alisema anastahili. Alilisema tena kwa sauti, apate kulisikia vizuri.

Chama kilileta na bodi lililobaki, kikalijenga upya Shangazi uani kwa Mama, bolti moja moja, na Spana akairudisha masta silinda mahali pake na uzi wake mwekundu. Jioni ile jua lilizama na hakuna kilicholia. Kiti kilikaa bila kuzama. Mama aliweka mkono juu ya boneti kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani. Wote walielewa kwamba Kobe amekwenda.

Kwa hiyo Fundi hakuelewa Spana alipoingia dukani siku chache baadaye, anachechemea, anajaribu kucheka.

"Dada, huu mguu unanichezea tangu jana. Kwenye gari ni afadhali. Nikisimama tu, unakanyaga wenyewe."

Alimuuliza upi. Wa kulia. Akamuuliza kama na yeye aliwahi kusema kwamba Kobe alikuwa anakimbiza.

Spana aliinamisha kichwa. Alisema kila mtu alisema. Yeye alisema gereji, kwa wateja. Watu walikuwa wanauliza, ungewajibu nini?

Fundi aliacha duka wazi. Alikimbia hadi kwa Mama, akafungua mlango wa Shangazi, akaingia akapiga magoti mbele ya kiti, miguu ikiwa upande wa pedali, na wembe mkononi. Giza lilikuwa linaingia. Alikata kile kifundo alichokifunga siku ile akiapiza. Akaufumua ule mshono wa hasira, tundu kwa tundu, akauvuta uzi wote, akautupa.

Chini yake kulikuwa na mshono mwingine. Mwekundu, mpya, umekazwa kwa mkono wake. Akaufumua. Na chini ya huo...

"Unatafuta nini humo?"

Mama alikuwa ametoka na kigoda chake, ameketi kando ya gari. Kanga imefunika magoti. Chini ya kanga, kisigino chake cha kulia kilikuwa kinapiga ardhi. Taratibu. Ta... ta... ta...

"Mama," Fundi alinong'ona, wembe ukamtoka mkononi. "Huo mguu wako."

Mama hakuutazama mguu wake. Alikuwa anatazama chini ya dashibodi, pale Fundi alipokuwa amepiga magoti.

"Na wewe, mwanangu," alisema, "wa kwako una nini?"